Kutoka Piqua hadi Tudor: shajara ya santuri za Mills Brothers

11 Januari 2025: Sanduku

Baba mdogo alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi, na mabaharia walikuwa wakimwuzia santuri. Alipofariki, sanduku lake lilihamia kwetu Tudor, Mombasa, likakaa chini ya kitanda cha nyanya. Juzi tumelifungua. Ndani mna santuri nzito za kasi ya 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, thelathini na kitu, na zaidi ya nusu ni za The Mills Brothers, ndugu wanne waimbaji, John mdogo, Herbert, Harry na Donald, kutoka mji mdogo wa Piqua, jimbo la Ohio, Marekani.

Mradi ni huu: kuzihamisha santuri hizo ziwe faili za kompyuta, kisha kuandaa jioni moja hapa nyumbani ambapo jamaa na majirani watasikia safari ya kundi hilo kuanzia 1931, tukisimulia katikati ya nyimbo, na vipande vingine tuviimbe wenyewe. Sisi ni ndugu watatu na binamu mmoja, wote tumelelewa kwaya. Jirani yetu, fundi wa sauti za harusi, amejitolea upande wa kurekodi.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusianze na wetu. Them Mushrooms nao ni ndugu, walianza hapa hapa Mombasa 1972, wakapiga katika mahoteli ya watalii hadi Jambo Bwana ya Teddy Kalanda ikawavusha mipaka, na 1987 wakahamia Nairobi. Hao wanastahili shajara yao. Lakini sanduku tulilo nalo ni hili, na lina jambo linalonivutia kuliko nyimbo zenyewe: Mills Brothers walidumu zaidi ya nusu karne kwa sababu kila mmoja alipoondoka, waliobaki walijipanga upya. Jioni yetu tutaipanga kwa kufuata mapengo hayo. Msikilizaji asikie nani hayupo.

Hali ya santuri: mbili zimepasuka, moja imevunjika vipande, nyingine zote zina ukungu. Lebo nyingi ni za kampuni ya Brunswick ya Uingereza, hata kwa rekodi ambazo Marekani zilitolewa na Decca. Rekodi zao za mwanzo Marekani zilitoka na onyo kwenye lebo kwamba hakuna ala yoyote iliyotumika isipokuwa gitaa moja. Watu walikuwa hawaamini kwamba zile tarumbeta na tuba, lile baragumu kubwa la sauti nzito, ni midomo ya watu.

26 Januari: Kuosha

Santuri za 78 si plastiki. Zimetengenezwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Sheleki huyeyuka kwenye spiriti. Tulijua kwa kusoma, lakini jirani alitaka kuona kwa macho, basi tukampa kipande cha ile iliyovunjika. Alipopitisha pamba yenye spiriti mara moja, ikatoka nyeusi na mifereji ikapoteza mng'aro. Spiriti ikarudi kabatini.

Kilichofaa ni maji ya betri, yale yaliyotoneshwa, na tone moja la sabuni ya vyombo kwa lita. Ukienda kununua soma chupa vizuri, maana dukani wakisikia "ya betri" wanaweza kukupa asidi. Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki, sugua kwa brashi laini ya rangi ukifuata mifereji, suuza, kisha simamisha santuri kwenye kichanja cha kukaushia sahani. Usiiloweke, kwa sababu ule unga wa mawe unafyonza maji.

Na usianike juani. Moja iliachwa kwenye ukingo wa dirisha saa sita mchana, jua la kaskazi lile, ikapinda kama kaukau. Tuliilaza katikati ya vioo viwili vya dirisha ndani ya chumba chenye joto, juu yake vitabu, kwa siku kadhaa. Imenyooka kiasi cha kuchezeka, ila sindano bado inapanda na kushuka.

Gharama: maji, brashi na bahasha mpya za karatasi, shilingi 1,850.

16 Februari: Mashine na sindano

Mashine ya kuchezea ililetwa na jamaa aliyerudi kutoka Marekani. Ni ya zamani, ya gurudumu la mpira, na ina kasi ya 78, jambo ambalo mashine nyingi za siku hizi hazina. Inataka volti 120, na stima yetu ni 240. Fundi wa Mwembe Tayari alituuzia transfoma kwa 3,500. Ikawaka, ikazunguka, tukashangilia.

Mlio wa kwanza ulikuwa kama kukaanga samaki. Kosa lilikuwa sindano. Ile iliyokuja na mashine ni ya santuri za plastiki, ncha yake ni nyembamba mno. Kwenye mfereji mpana wa 78 inazama hadi chini na kukwangua vumbi la miaka themanini. Santuri hizi zinataka ncha ya sehemu tatu za elfu za inchi, karibu mara nne ya ile. Tuliagiza Uingereza. Pamoja na usafiri na ushuru ilitugharimu 9,400, na ndiyo pesa iliyotuuma kuliko zote, lakini tofauti yake unaisikia hata ukiwa jikoni.

Tumeanza kurekodi kwa programu ya Audacity. Zikiisha tutanukuu sauti kwa solfa, ule mwandiko wa *do*, *re*, *mi*, kama tulivyozoea kwaya.

2 Machi: Kusimama

Ramadhani imeanza. Jirani anafunga, na vyombo ni vyake. Sisi tutaendelea kunukuu kimya kimya, mazoezi baada ya Idi.

12 Aprili: Besi haifiki

Tumerudi na tumekwama hapo hapo mlangoni.

Kwanza niseme kuhusu solfa. Nyimbo za kwaya yetu zina nafasi: soprano yuko juu huko, besi chini huko, katikati unaweza kupitisha mkokoteni. Mills Brothers wanabana. Sauti tatu za juu zote zinakaa ndani ya oktavo moja, mara nyingi zimeachana kwa hatua mbili tu, na yule wa chini anatembea peke yake. Halafu wanapenda sana *ta*, ile *ti* iliyoshushwa, ambayo vitabu vyetu vya nyimbo huigusa kwa nadra. Kuandika kulituchukua muda kuliko tulivyodhani, lakini kuliwezekana.

Kilichoshindikana ni besi. Binamu yetu ndiye besi wa kwaya nzima, mtu ambaye akikohoa madirisha yanaitika, na hakuzifikia noti za chini za John Mills mdogo. Kwa wiki nzima tulimlaumu. Tulimwambia afanye mazoezi asubuhi kabla ya chai, tukamletea tangawizi. Yeye akashikilia: "Hakuna mtu anayeimba huko. Hapo ni kisima."

Kaka mkubwa naye alikuwa na lake. Alijaribu kufuata gitaa la rekodi moja ya miaka ya 1940 akakuta linashuka chini ya waya mnene wa gitaa lake. Akadhani mpigaji alilegeza nyaya. Dada akaongeza la tatu: kila wimbo unakaribia dakika nne, na mwendo wake ni wa mtu anayetoka shamba. Sisi tulikuwa tumeridhika kwamba watu wa zamani waliimba kwa utulivu.

Santuri ya inchi kumi kwa kawaida hubeba dakika tatu hivi kila upande. Dakika nne haziingii. Dada akasema mashine inachelewa.

3 Mei: Herzi hamsini

Na kweli inachelewa, tena kwa kiasi kinachopigika hesabu. Mota ya mashine kama hii haifuati volti, inafuata mtetemo wa stima. Marekani stima hutetemeka mara 60 kwa sekunde, yaani herzi 60, Kenya mara 50. Transfoma inashusha volti, mtetemo inauacha ulivyo. Basi mota inakwenda kwa tano ya sita ya kasi yake, na 78 inakuwa 65. Kwa sikio hiyo ni karibu nusu-toni tatu na kidogo chini. Binamu alikuwa sahihi siku zote, na tumemwomba radhi kwa sahani ya viazi karai.

Anayetaka kuhakikisha afanye hivi. Chora kwenye karatasi duara lenye mistari 77 iliyogawanyika sawasawa, iweke juu ya santuri inayozunguka, uimulike kwa taa inayotumia stima yetu ya herzi 50. Kasi ikiwa sahihi, mistari inaonekana imesimama. Ikichelewa, inarudi nyuma. Taa nyingi za LED hazifai kwa sababu hazipepesi. Tumia tyubu ya zamani au balbu ya waya. Mistari yetu ilikuwa ikikimbia kinyumenyume kama kaa.

Dawa ya kwanza ilikuwa ndani ya kompyuta: kuongeza kasi ya faili kwa asilimia 20. Inafanya kazi, lakini kuna mtego. Kikuza sauti cha mashine hupandisha besi na kukata makali kwa kipimo cha RIAA, chama cha kampuni za santuri Marekani, kilichoanza kutumika 1954. Rekodi za 1931 hazikukatwa kwa kipimo hicho. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: kwanza ondoa RIAA kwa kuipindua ndani ya programu, halafu ongeza kasi, mwisho urekebishe besi kwa sikio. Ukianza na kasi, kipimo unachokiondoa kinakuwa kimeshahama mahali pake na sauti zinatoka puani.

Dawa ya pili ni ya Mwembe Tayari, nayo ndiyo iliyobaki. Fundi, baada ya kucheka, alitoa inveta inayotumia betri ya gari, yenye swichi ya kuchagua herzi 50 au 60. Ya kwanza tuliyojaribu ilikuwa ya bei nafuu, wimbi lake la mraba, mota ikanguruma na mngurumo ukaingia kwenye rekodi. Ya pili, ya wimbi laini, ilinyamaza. Hiyo, iliyotumika tayari, ni shilingi 11,000, betri tukaazima. Transfoma ya 3,500 sasa inazuia mlango wa stoo usijifunge.

Faida ambayo hatukuitarajia ni kwamba stima ikipotea santuri inaendelea.

Tumerekodi upya zile kumi na mbili tutakazozitumia. Jioni ya kwanza ya kusikia Tiger Rag kwa kasi yake, dada alisimama akacheza. Ule wimbo, ambao tulikuwa tumeunukuu kama wa mazishi, unakwenda mbio.

7 Juni: Mchakacho

Masika yamekuja na unyevu, na ukungu umerudi kwenye bahasha mbili. Tumehamishia santuri kabati la juu, zimesimama wima, na mkaa ndani ya soksi kwa ajili ya kufyonza unyevu.

Upande wa faili, hatua ya kwanza ilikuwa rahisi. Mifereji ya santuri za zamani inayumba kushoto na kulia tu. Sindano yetu ni ya stereo, inasoma pia mtikisiko wa juu na chini, na huo kwenye santuri hizi ni uchafu mtupu. Ukijumlisha chaneli mbili ziwe moja, uchafu huo unajifuta wenyewe.

Hatua ya pili ndiyo ya ugomvi. Jirani anapenda sauti safi, ya harusi. Aliipitisha Tiger Rag kwenye kichujio cha programu, akaondoa mchakacho wote, akatuletea akiwa amejaa furaha. Tarumbeta imekufa. Kinachofanya tarumbeta ya mdomo ya Harry Mills isikike kama tarumbeta, na wakati huo huo ujue ni mtu, ni pumzi: mvumo mdogo unaotangulia noti, na upepo pembeni mwa viganja. Kichujio hakiwezi kutofautisha pumzi ya Harry na mchakacho wa sheleki, vyote ni mvumo. Kikafuta vyote.

Msimamo wangu, na jirani ameukubali shingo upande: futa mipasuko mikubwa moja moja kwa mkono, mchakacho uache. Mtu atauzoea baada ya nusu dakika. Pumzi iliyofutwa hairudi.

Kuhusu haki: faili hazipandishwi mtandaoni. Marekani rekodi ya 1931 inalindwa hadi mwisho wa 2031, na za baadaye zaidi ya hapo. Ni za kusikilizwa nyumbani.

12 Julai: Viganja na vokali

Hadithi ya tarumbeta tutaisimulia jioni hiyo, kwa hiyo naiandika hapa. Wakiwa wavulana Piqua waliimba na kupuliza kazoo, kile kifilimbi cha bati chenye utando. Siku ya mashindano katika ukumbi wa mji, Harry akakuta kazoo yake haipo. Akakunja viganja mdomoni akaiga tarumbeta. Watu wakapenda, na ndugu wengine wakagawana ala zilizobaki: trombone, tuba, tarumbeta ya pili. Kabla ya hapo walikuwa wamelelewa ndani ya sauti. Baba yao, John Mills mkubwa, alikuwa kinyozi mwenye kundi lake la sauti nne, Four Kings of Harmony. Wateja wa vinyozi wa Mombasa wanajua kwamba kwa kinyozi kila kitu kinawezekana, ila kuimba kwa sauti nne bado sijakuona.

Sisi viganja vimetutesa. Kaka alikunja kama anayeita mtu ng'ambo ya maji, ikatoka honi ya matatu. Kilichosaidia: kiganja kimoja kifunike mdomo na pua kwa chini, cha pili kifunguke na kufunga mbele yake, na sauti itoke imebanwa kooni, ndogo. Ndogo ndilo neno. Kwaya imetufundisha kujaza kanisa. Hawa ndugu ni watu wa maikrofoni na redio. Walianza na kituo cha WLW cha Cincinnati, 1930 wakaenda New York, na mtandao wa redio wa CBS ukawapa kipindi kilichosikika nchi nzima. Waliimba kama wanaosimuliana jambo. Tulipoimba kwa nguvu zetu za Jumapili, zile noti zilizobanana ziligombana. Tulipopunguza hadi sauti ya kuongea, zikakaa.

Tulijaribu maikrofoni nne, kila mtu na yake, jirani akichanganya. Ikawa watu wanne. Sasa tunatumia moja, tumesimama nusu duara, besi karibu zaidi, mwenye tarumbeta akipiga hatua moja mbele zamu yake ikifika na kurudi nyuma ikiisha. Mizani inafanywa na miguu. Maikrofoni ya kukodi, 1,500 kwa siku.

Lililobaki ni vokali. Ndugu waliokua chini ya paa moja hutamka namna moja, na hapo ndipo sauti zao zinaposhikana. Sisi watatu tuko sawa, lakini binamu alisoma bara, na Kiingereza chake kina vokali nyingine. Kwenye neno *doll*, katika wimbo wa Paper Doll, tulikuwa na *o* mbili. Dada akaandika maneno yote kwa herufi za Kiswahili, jinsi yanavyosikika kwenye santuri, na wote tukasoma karatasi moja. Inachekesha ukiisoma, lakini ukiisikia imetulia.

16 Agosti: Sauti ya tatu

Mdogo wetu, sauti ya tatu, amepata kazi Doha na ameondoka. Tumempeleka uwanja wa ndege wa Moi kwa furaha na kwa hesabu za harakaharaka kichwani.

Jaribio la kwanza: aimbe kwa simu tukiwa tunaimba hapa. Usijaribu. Sauti inachelewa kwa muda usiotabirika, na nyimbo hizi zinakwenda kwa pumzi moja. Jaribio la pili: ajirekodi akisikiliza santuri masikioni, atutumie faili, tuicheze kwenye spika huku sisi tukiimba. Hiyo ilikuwa na tuni na ilikuwa na kasi, na bado ilikuwa mbaya, maana yeye hasikii tulipovuta na sisi hatuwezi kumsubiri.

Kwa kuwa jioni yenyewe inahusu mapengo, tuliwatazama wenyewe walifanyaje. Mwaka 1934 waliimba London mbele ya Mfalme George V. Ni katika safari hizo za Uingereza John mdogo aliugua nimonia, na mwanzoni mwa 1936 akafariki, kijana bado. Alikuwa besi, alikuwa tuba, na ndiye aliyepiga gitaa. Mtu mmoja, nafasi tatu. Besi akaichukua baba yao, aliyekuwa ameshapita miaka 50. Gitaa likaenda kwa mtu wa nje, Bernard Addison, na baadaye Norman Brown. Tuba, kwa sikio langu, ndiyo iliyofifia: ukisikiliza santuri za miaka ya 1940 baada ya zile za 1931, ala za mdomo zimepungua na maneno yamesogea mbele.

Tukamwendea mama. Ana sauti, na nyimbo hizi amezisikia kwa baba mdogo tangu msichana. Akasikiliza mazoezi yetu hadi mwisho, akasema yeye ni soprano, hana haja ya kujificha katikati ya vijana, na ugali unaungua.

Basi tukachukua njia yao ya pili. Baba yao alipostaafu, miaka ya 1950, hawakutafuta wa nne. Herbert, Harry na Donald wakaendelea watatu, nafasi iliyobaki ikabebwa na ala. Tumeandika upya solfa yote kwa sauti tatu: sauti ya tatu imegawanywa kati ya dada na gitaa la kaka. Nyimbo mbili zimekufa kwa mgawanyo huo na tumeziondoa. Paper Doll imekuwa bora, nafasi imepatikana.

20 Septemba: Jioni

Imefanyika, uani kwetu. Viti vya kukodi 40, kahawa chungu, mahamri, mbaazi. Utaratibu kwa anayetaka kuuiga: santuri moja, maneno ya dakika mbili hivi, santuri nyingine, na baada ya kila pengo wimbo mmoja wetu.

Pengo la kwanza, kifo cha John mdogo, tulicheza rekodi ya kabla na ya baada bila kusema lolote katikati, tukawauliza watu wamesikia nini. Mzee mmoja wa kwaya akasema mara moja: "Besi amekuwa mtu mzima." Hatukuwa tumewaambia kuhusu baba.

Pengo la pili halikusikika. Wakati wa vita Harry aliitwa jeshini na Gene Smith akaimba mahali pake, kipindi kile kile Paper Doll, iliyorekodiwa 1942, ilipokaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 12 kuanzia Novemba 1943. Hilo linapatikana kwa kusimuliwa tu. Atakayerudia aweke picha ukutani.

Sehemu ya miaka ya 1960 na kuendelea ilikuwa dhaifu. Sanduku la baba mdogo linaishia na 78, na Cab Driver ya 1968 tuliicheza kutoka simu ya mtu. Masikio yaliyokuwa yameshazoea mchakacho yaliiona tupu. Tukapita haraka: Harry akafariki 1982, Herbert 1989, na Donald akaendelea kuzunguka na mwanawe John, baba na mwana tena kama ilivyokuwa 1936, hadi alipofariki mwaka 1999.

Stima ilipotea katikati ya wimbo wetu wa tatu. Maikrofoni ikanyamaza, santuri zikaendelea kwa betri na spika ndogo ya jirani. Nyimbo zetu zilizobaki tuliziimba bila kitu, na uani penye kuta karibu zilitosha. Mtu akaomba Jambo Bwana. Hatukuwa tumeifanyia mazoezi ya sauti tatu, na ilisikika hivyo.

5 Oktoba: Hesabu na kazi iliyobaki

Jumla, pamoja na transfoma isiyo na kazi, inveta, sindano, viti, maikrofoni na chakula, ni shilingi 38,600. Anayeanza upya na kununua inveta ya wimbi laini moja kwa moja ataokoa 3,500. Anayepata mashine ya herzi 50, iliyotengenezewa Uingereza au India, hatahitaji inveta kabisa.

Faili ziko kwenye diski mbili, moja kwetu, moja kwa shangazi Likoni, kila wimbo mara mbili: ghafi kama ulivyotoka kwenye sindano, na uliosafishwa. Ghafi usiiguse kamwe. Kichujio cha mwaka ujao kinaweza kuwa na akili kuliko cha mwaka huu.

Santuri ambazo si za Mills Brothers zimebaki hazijaoshwa. Kati yake kuna kadhaa za lebo ya Mzuri, ile ya duka la Assanand hapa mjini, na hizo ndizo tunazoanza nazo Novemba, unyevu ukipungua. Binamu amechukua ile iliyopinda kwenda kuijaribu tena na vioo vizito zaidi.